Word inatosha kwa barua, kwa mwongozo wa boila ilinitoa jasho

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti huku Mtwara huwa linatufikia basi la Dar likishaingia, kwahiyo kama najibu kitu cha wiki iliyopita mnisamehe, huku kwetu habari inakuja na vumbi lake. Kuna makala mlitoa ya kuwashauri vijana, ile inayosema ukishajua Word na Excel umemaliza, ofisi yoyote itakupokea. Excel sina ugomvi nayo. Hiyo ya Word ndo imenifanya nikae hapa nyuma ya kaunta niandike, maana Word nimeila miaka mingi na yenyewe imenila.

Nijitambulishe kidogo. Nina steshenari maeneo ya Ligula hapa mjini, wateja wananiita mama steshenari na jina limeshakaa, hata mume wangu akinitafuta anaulizia hilohilo. Tunataipu, tunafotokopi, tunabaindi ripoti za wanafunzi, tunaleminati vyeti, na msimu wa kuomba mikopo ya vyuo ukifika ndo hatulali. Ila kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa ofisini, nilianza 1991 na taipureta na stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, wenye umri wangu wanajua, ukikosea unapaka kile kidawa chekundu unapuliza kikauke unagonga herufi upya juu yake, na ukikosea kwenye mstari wa mwisho unaweza kulia. Kompyuta ya kwanza niliyokalia ilikuwa na programu ya kuandikia ya WordPerfect 5.1, skrini ya bluu maandishi meupe, mapambo hamna. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho mpaka leo nakililia. Ukibonyeza Alt na F3 skrini inagawanyika, juu unaona maandishi yako, chini unaona maamri yote yaliyojificha, hapa herufi nzito imeanza, hapa imeishia, hapa kuna enta, hapa ukurasa umevunjwa. Maandishi yakileta ukaidi unashuka chini unamwona mchawi mwenyewe, unamfuta, unaendelea na kazi.

Word nayo si ya juzi, ilitoka 1983 enzi za DOS, kabla ya Windows, ya Windows ikafuata 1989, ila sisi huku tuliijua vizuri baadae kidogo na ilipofika kila mtu akahamia. Na kwa kweli ilikuwa raha, unachokiona kwenye skrini ndo kinachotoka kwenye printa, hakuna kukisia. Tatizo ni kwamba mchawi alifichwa. Kuna kile kialama cha aya ukikibonyeza kinakuonyesha enta na spesi, sawa, lakini hakikwambii kwanini aya hii imekuwa na nafasi kubwa juu yake na ile haina, au kwanini namba imerudi kuwa 1 wakati ilitakiwa iwe 7. Unabaki unabonyeza bonyeza mpaka itii, na ikitii hujui umeifanyaje.

Sasa sisi tuliotoka kwenye taipureta tukaja na tabia zetu, na tumezirithisha. Mteja analeta flashi, ripoti ya kurasa 90, nafungua nakuta mwanzo wa kila aya amebonyeza spesi mara tano, kusogeza maneno kulia amebonyeza tab (na kweli ni tabu), na ili sura ya pili ianze ukurasa mpya amegonga enta mara ishirini na tatu, nimezihesabu. Msimamizi wake anamwambia ongeza sentensi moja kwenye utangulizi, basi vichwa vyote vinaporomoka mpaka mwisho kama magunia ya korosho yaliyopangwa vibaya ghalani. Halafu orodha ya yaliyomo ameandika kwa mkono na namba za kurasa kwa mkono na zile nukta nukta katikati kwa mkono! Word ina staili, unaiambia hiki ni kichwa cha sura, hiki ni kichwa kidogo, hii ni aya ya kawaida, yenyewe inakutengenezea yaliyomo kwa kubonyeza mara moja. Ipo pale juu kabisa, imekaa miaka yote, na nina hakika katika kila wateja wangu ishirini anayeitumia hazidi mmoja.

Lakini hiyo si hoja yangu yote, maana mtu atasema basi wafundishwe staili tumalize. Mimi nilizijua staili na bado nilikwama. Ngoja niwaeleze.

Kuna kiwanda kimoja cha kubangua korosho, sitakitaja, kilinunua mashine kutoka nje zikaja na kitabu cha Kiingereza tu. Fundi mkuu wao, mzee mmoja mpole sana, akaja hapa dukani na kaunta buku tatu alizoandika kwa mkono na simu imejaa picha, akasema mama nataka kitabu cha Kiswahili ambacho kijana wa zamu ya usiku akifungua anajua afanye nini. Nikasema hiyo ni kazi ya kutaipu tu, nipe mwezi. Mtu hajui analolisema.

Kwa wasiojua, kiwandani korosho haivunjwi kwa nyundo siku hizi. Ghafi inapikwa kwa mvuke unaotoka kwenye boila, inapoozwa, inaingia kwenye mashine ya kukata, ganda linatengana na kiini, kiini kinakaushwa kwenye oveni, kinamenywa ile ngozi nyembamba, halafu kinachambuliwa madaraja. Mnaona maboksi yameandikwa W240, W320, hiyo namba ni idadi ya viini kwenye ratili moja, kadri namba inavyokuwa ndogo ndivyo korosho ilivyo kubwa. Visu vya mashine vinasetiwa kulingana na ukubwa wa korosho, ukikosea seti unatoa vipande badala ya nzima na vipande bei yake ni nyingine kabisa. Na ganda lina yale mafuta yake yanayobabua ngozi, mtoto yeyote wa huku aliyewahi kuchoma korosho porini anayajua. Kwahiyo kitabu chenyewe kilikuwa kimejaa hatua za kufuata kwa namba, majedwali ya vipuri, picha za nati na vali, na maonyo. Maonyo 61. Picha 164. Kurasa zikafika 290. Na juu ya hapo kiwanda kina laini mbili za mashine, ya zamani na mpya, zinafanana ila si sawa, kwahiyo kitabu ni kimoja lakini ni viwili.

Nikakifanya kwenye Word, faili moja. Picha nikawa nazibandika humohumo, faili likafika karibu megabaiti 190, laptopu yangu yenye ramu ya 4 ikawa kila ukisevu unaenda kuchota maji unarudi bado inazungusha. Siku moja umeme ukakatika inasevu, betri ya laptopu ilishakufa zamani, kuwasha faili likagoma kufunguka. Niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya siku mbili nyuma. Siku mbili za kazi zikaenda hivihivi na nilikaa pale mlangoni nimeshika shavu mpaka muuza ming'oko akaniuliza mama kuna msiba?

Haya, hilo ni la umeme, tusiisingizie Word kila kitu. Lililoniuma ni la rejea. Kitabu cha namna ile kila saa kinakwambia angalia hatua fulani ukurasa fulani. Word inaweza kufanya hizo rejea zijihesabu zenyewe, unaingiza rejea badala ya kuandika namba, mimi nilifanya hivyo na nikajisifu sana. Wasichokwambia ni kwamba hazijibadilishi mpaka uziamrishe, unachagua faili lote kwa Kontroo na A halafu unabonyeza F9. Nikabonyeza. Ila maonyo yangu yote 61 nilikuwa nimeyaweka kwenye maboksi ya maandishi, vile viboksi vya kuchora vyenye mpaka mwekundu, ili yaonekane vizuri, na ukichagua maandishi yote vile viboksi havimo kwenye hiyo hesabu. Maandishi ya kawaida yakabadilika, ya ndani ya maboksi yakabaki na namba za zamani. Na mimi sikujua. Tukatoa nakala 40 nikazibaindi nikapeleka kwa bajaji.

Wiki haikuisha fundi mkuu akapiga simu. Akasema mama, kijana wangu amesoma onyo la boila linamwambia kabla ya kufungua vali afuate hatua za kushusha presha ukurasa wa 87, amefungua 87 amekuta habari za kupaka grisi kwenye beringi za mkanda. Nikamwambia subiri. Nikafungua nakala yangu, kweli, hatua zenyewe zilishahamia ukurasa wa 90 baada ya kuongeza jedwali. Naendelea kufunua nakuta mahali kwingine boksi la onyo lenyewe limehama, hatua iko chini ya ukurasa wa 112, onyo lake limekaa juu ya ukurasa wa 113, yaani mtu anafungua kwanza halafu ndo anafunua ukurasa anaambiwa usifungue. Na sehemu mbili kulikuwa na lile neno Error kwa herufi nzito katikati ya sentensi ya Kiswahili. Namshukuru Mungu yule kijana alikuwa na akili ya kuuliza. Mvuke wa boila hauna msalie mtume.

Nakala 40 nilizirudisha kwa gharama yangu. Mwenye kiwanda hakunilipa salio mpaka leo, hilo liko baina yangu na yeye.

Kosa la maboksi lilikuwa langu, nakiri. Lakini niliporudi kufikiri nikajiuliza hao waliotengeneza mashine wao kitabu chao cha Kiingereza walikifanyaje, maana kilikuwa na kurasa zaidi ya 400 na rejea zote zimenyooka. Hapo ndo akaingia kijana mmoja, mwanangu kabisa kwa umri, amesoma uhandisi Dar karudi nyumbani anatafuta kazi, alikuwa anakuja dukani kuprinti barua za maombi. Nikamwonyesha ile PDF ya watengenezaji. Akafungua sehemu ya sifa za faili akasema shikamoo mama, samahani, soma hapa. Imeandikwa FrameMaker. Nikasema ndo nini hiyo. Kumbe PDF huwa inabaki na alama ya programu iliyoizaa, kama chapa ya nyuma ya kitenge.

FrameMaker ni programu ya tangu miaka ya 80, Adobe wakainunua 1995 na wanayo mpaka leo. Hiyo ndo wanayotumia watu wengi wanaoandika miongozo ya mitambo mikubwa, na nikieleza inavyofanya mtaona tofauti. Kila sura ni faili lake, zinakusanywa na faili moja dogo linaloitwa kitabu, namba za kurasa na sura na picha zinahesabiwa kwa kitabu kizima. Picha unaweza kuziacha kwenye folda nje, humo ndani kuna njia tu ya kuzifikia, kwahiyo faili halinenepi. Aya haitakiwi kuwa na muonekano wake binafsi, kila aya ina aina, hii hatua, hii onyo, hii maelezo ya picha, ukibadilisha aina zote zinabadilika. Na lile lililonifanya nishike mdomo ni maandishi ya masharti. Unaandika mwongozo mmoja, sehemu ya laini ya zamani unaipaka sharti lake, ya laini mpya sharti lake, ukitaka kitabu cha laini mpya unazima la kwanza, namba zinajipanga upya zenyewe. Mimi kwenye Word nilikuwa na mafaili mawili na kila sahihisho nafanya mara mbili, na mara ya pili huwa unasahau.

Ila FrameMaker ni ya kukodi, unalipia kwa dola kwa kadi, na biashara yangu haijafika huko. Kijana akasema mama kuna ya bure, ila itakutisha. Hiyo ya bure inaitwa LaTeX, akaja na flashi ina TeX Live, furushi lake lote, ni gigabaiti kadhaa, kwa bando la huku ungeipakua mpaka msimu wa korosho ujao.

LaTeX ilinitisha kweli. Hakuna ukurasa, kuna maandishi na maamri yenye mkwaju wa kinyume (\), halafu unaiamrisha itengeneze PDF. Nilikaa kama dakika kumi naiangalia, halafu moyo ukafunguka, maana nilimwona mchawi wangu. Ni ileile Alt na F3 ya WordPerfect! Kila kitu kiko wazi, hapa onyo limeanza, hapa limeishia. Vijana inawapa shida kwasababu hawajawahi kuona maamri, sisi wazee wa skrini ya bluu tumerudi nyumbani.

Historia yake nimeipenda. Profesa mmoja wa Stanford, Donald Knuth, alikuwa anatoa toleo jipya la kitabu chake cha kompyuta, 1977 akaletewa sampuli za uchapaji mpya akaona hesabu zake zimechapwa vibaya, akachukia. Badala ya kulalamika akaamua kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga herufi, TeX, inatamkwa tek, akidhani ni kazi fupi na ikamla karibu miaka kumi. Baadae Leslie Lamport miaka ya 80 akaijengea LaTeX juu yake ili watu wa kawaida waweze. Na namba ya toleo la TeX haipandi kama za wengine, inaongezewa tarakimu ya pai, sa hivi iko 3.141592653, mzee amesema akifa ibaki pai yenyewe na asiguse mtu. Kosa kwenye vitabu vyake ukiliona, mpaka 2008 alikuwa anakuandikia cheki ya dola 2.56. Mimi na nakala zangu 40 ningefilisika.

Turudi kazini. Rejea kwenye LaTeX unaipa jina, mimi zile hatua za kushusha presha nimeziita presha-boila, basi popote nikitaka namba ya ukurasa wake naandika nipe ukurasa wa presha-boila, yenyewe inajua. Unaiendesha mara mbili, ya kwanza inahesabu ya pili inaandika. Ukitaja jina ambalo halipo inakuwekea alama mbili za kuuliza na inakulalamikia mwishoni, haikai kimya ikakuaibisha kwa mteja. Onyo nimelitengeneza mara moja tu, mpaka, rangi, na amri kwamba lisitenganishwe na hatua inayofuata, halafu 61 zote zinafuata hilo. Fundi mkuu akasema nyekundu kwenye fotokopi haionekani weka mpaka mnene mweusi, nikabadilisha mstari mmoja, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilicheka mbele ya kompyuta. Laini mbili za mashine nimeziwekea swichi. Sura zote za maandishi ukizijumlisha hazifiki megabaiti moja, na umeme ukikatika unapoteza sentensi, hupoteza kitabu.

Sasa msije mkadhani naisifia tu. Majedwali ya LaTeX ni adhabu. Jedwali la vipuri lina mistari mia nne na kitu, kwenye Word ningelifanya mchana nikale, kule lilinichukua siku tatu na nilisema maneno ambayo gazetini hayaandikwi. Picha nazo zinahama, wakikwambia hazihami wanakudanganya, ina tabia ya kuzipeleka inapoona panafaa mpaka uiwekee H kubwa ndo inatulia. Na ukataji wa maneno mwisho wa mstari, kama hujaiambia chochote inakata kwa kanuni za Kiingereza, Kiswahili silabi zetu nyingi zinaishia na irabu mtoto wa darasa la pili anajua pa kukata, yenyewe ikawa inakata katikati ya silabi bila haya. Nikazima ukataji wote. (Word nayo hapo isijisifu, kompyuta yangu inakipigia Kiswahili mstari mwekundu ukurasa mzima kama mwanafunzi aliyefeli.)

Kubwa kuliko yote, mteja hawezi kulifungua. Fundi mkuu anataka kusahihisha sentensi mwenyewe, nimpe faili la maamri atafanya nini nalo? Inabidi aandike kwa kalamu juu ya karatasi aniletee. Kwenye Word anasahihisha, masahihisho yanaonekana kwa rangi, nakubali au nakataa, na hapo Word hakuna wa kuigusa. Ndo maana barua, mihtasari ya vikao, mikataba, ripoti inayopita mikononi mwa watu sita, mimi naifanya Word na sioni aibu. Kuna LyX ambayo ni LaTeX iliyovalishwa nguo, inafanana kidogo na Word, nimeigusa, ni nzuri kwa anayeogopa. Na kuna LibreOffice Writer ya bure, staili zake za kurasa mi naona zimenyooka kuliko za Word, na vijana wajue hii familia iliwahi kusema Kiswahili mapema, 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili.

Nyie gazetini najua hamtumii Word kupanga kurasa, mtakuwa na InDesign au Quark, kwahiyo nashangaa mlivyowaambia vijana Word inamaliza. PageMaker ilipokuja 1985 na printa ya leza ya Apple ndo watu wa kawaida walianza kupanga magazeti mezani, InDesign ikaja 1999 ikawarithi. Mimi InDesign nimeiona kwa rafiki yangu anayetengeneza kalenda na kadi za harusi, picha inakaa pale ulipoiweka, safu zimenyooka, ina rejea pia. Ila ile ni programu ya mtu anayeuangalia kila ukurasa kwa jicho, gazeti mnalipanga leo kesho limefungiwa maandazi. Kitabu changu cha boila kinarudi. Pampu ikibadilishwa kinarudi, visu vikija vya aina nyingine kinarudi.

Na hapo ndo nilipofika baada ya jasho lote hilo. Watu wanauliza kurasa ngapi, wanasema chini ya mia tumia Word juu ya mia tumia kingine. Si kweli. Kuna riwaya ya kurasa 500 inakaa Word vizuri tu maana ikishaisha imeisha. Mimi mteja wa kitabu cha kiufundi namuuliza kitarudi kurekebishwa mara ngapi na kina matoleo mangapi ya kufanana kwa wakati mmoja. Akisema mara moja tu, Word na staili zake, maonyo yawe aya ya kawaida yenye mpaka, marufuku viboksi. Akisema kila mwaka na kwa mashine mbili, hapo nafungua LaTeX na bei inapanda. Juzi fundi mkuu kabadilisha vali za laini mpya, nimegusa kurasa tatu, nikaendesha mara mbili, rejea zote zikakaa. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya siku tatu na bado unakosea.

Kuhusu vijana, huku kwetu kuna gesi Madimba, kuna simenti, kuna bandari, kuna viwanda vya korosho, na kila mtambo ulioko huko una kitabu kinene cha lugha ya watu. Yule kijana wa LaTeX hakuajiriwa kwa barua zile alizokuwa anaprinti kwangu. Aliajiriwa kiwandani baada ya fundi mkuu kuniuliza nani alikusaidia, na kazi yake sa hivi ni hivyo vitabu tu. Kwahiyo mkiandika tena makala ya namna ile ongezeni hata mistari mitano, kwamba kuna kazi inaitwa kuandika nyaraka za kiufundi na ina vifaa vyake.

Nilikuwa na mengine ila amesimama hapa kijana na flashi, ripoti yake ya fildi kurasa 34, anataka kurasa za mwanzo ziwe na namba za Kirumi na 1 ianzie sura ya kwanza. Nimemuuliza ametumia staili? Kaniambia staili gani mama. Nimemwambia avute kiti.

Mama steshenari,
Ligula, Mtwara